Vyanzo kumi vya kitaaluma nitavipata wapi, na nitajuaje kama ni vya kweli?

"Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu hapa Tanzania. Tumepewa kazi ya kurasa 12, kwa Kiingereza, juu ya athari za elimu bila ada katika shule za msingi. Mhadhiri anataka vyanzo visivyopungua 10, vyote vya kitaaluma na visivyozidi miaka 10. Nimetafuta kwa siku nne, na ninachopata ni habari za magazeti, blogu na Wikipedia. Makala zinazoonekana nzuri zinadai dola 35 kwa moja, fedha ambayo sina. Rafiki yangu aliiomba programu ya akili unde imtengenezee orodha ya marejeleo, nami nikajaribu. Ikanipa 12 yanayovutia, lakini manane sikuyaona popote. Mwenzetu mwingine anasema majarida ya Afrika hayahesabiki, na kwamba jarida lolote linalomtoza mwandishi fedha ni la kitapeli. Chanzo cha kitaaluma ni kipi hasa? Zimebaki siku tisa na sijui nianzie wapi."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, lakini nikiyasoma yote naona hofu moja chini yake: usije ukapeleka mbele ya mhadhiri kazi yenye marejeleo yasiyo na mwenyewe. Hofu hiyo ni ya haki, na katika miaka niliyokaa kwenye meza ya kuhudumia wasomaji katika maktaba za vyuo, wanafunzi walionitia wasiwasi ni wale ambao hawakuwa nayo. Siku nne zako hazikupotea kwa sababu hujui kutumia kompyuta. Zimepotea kwa sababu umekuwa ukivua vyanzo 10 kimoja kimoja, kana kwamba kila kimoja kinaishi peke yake, wakati maandishi ya kitaaluma yanaishi kwa ukoo: ukishampata mmoja aliye mzuri, yeye mwenyewe atakutajia wazee wake, na ukijua pa kuuliza utaonyeshwa na wajukuu zake.

Kabla ya ukoo huo, tuiondoe mezani ile orodha ya akili unde. Programu ya aina hiyo imefunzwa kwa maandishi mengi mno hata ikajua ni neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiiomba marejeleo, inaweza kukutungia kitu chenye umbo la marejeleo, yaani jina la ukoo, mwaka, kichwa cha makala, jina la jarida na kurasa, bila kuwa imefungua rafu yoyote. Ndiyo maana zile nane zilikuvutia: zimetengenezwa zifanane na zinazotafutwa. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani hukumu zilizotungwa na programu kama hiyo katika kesi dhidi ya shirika la ndege, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Nao walikuwa watu wazima wenye ofisi. Hata zile nne ulizoziona zipo usizipokee hivihivi. Zifungue, kwa sababu makala inaweza kuwa ya kweli na bado isiseme kile ambacho orodha inadai inakisema. Kama ina DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala, ile inayoanza na 10 na nukta, ibandike kwenye tovuti ya doi.org uone inakupeleka wapi. Makala nyingi za majarida madogo hazina namba hiyo, kwa hiyo kuikosa si ushahidi wa uongo. Lakini namba iliyopo ambayo inakupeleka kwenye makala ya ugonjwa wa ng'ombe ni ushahidi tosha. Programu hizo zinaweza kukusaidia kubuni maneno ya kutafutia au kukueleza istilahi ya takwimu, ikiwa kanuni za chuo chako zinaruhusu. Kuzipa kazi ya mkutubi ni kuzionea.

Sasa, chanzo cha kitaaluma ni kipi? Hakiwi cha kitaaluma kwa kuwa ni faili la PDF, wala kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, wala kwa kuwa kinauzwa. Ni andiko la mtu aliyelichunguza jambo kwa utaratibu, anayeonyesha alijuaje anachokisema na alichoazima kwa wengine amekitoa wapi, na ambalo kabla ya kuchapishwa limepita mbele ya macho ya wajuzi wa fani hiyohiyo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu huielewa nusu. Mwandishi anapotuma makala kwenye jarida, mhariri anaweza kuikataa siku ileile au kuipeleka kwa wapitiaji, mara nyingi wawili au watatu, ambao kwa kawaida hawalipwi na majina yao hayatajwi. Hao huuliza: sampuli ilichaguliwaje, hesabu zimefanywa sawasawa, hitimisho limetoka kwenye data au limetoka kwenye matamanio? Mwandishi husahihisha, pengine mara mbili tatu, na miezi hupita, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Wapitiaji hawarudi shuleni kuhesabu wanafunzi upya. Wanaamini kwamba alichosema amekihesabu, amekihesabu kweli. Kwa hiyo upitiaji ni chekeche, na chekeche lina matundu. Mwaka 1998 jarida kubwa la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala iliyotokana na watoto 12 na kuhusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Ilifutwa rasmi mwaka 2010, baada ya kunukuliwa na kuleta madhara kwa miaka 12. Hivyo unapofungua makala kwenye tovuti ya jarida, tazama juu ya kichwa chake kama kuna tangazo la kufutwa au kusahihishwa. Ni kazi ya sekunde tano.

Hata hivyo si kila kitu utakachohitaji ni makala ya jarida, na hapa nadhani ndipo ulipojifunga mwenyewe. Huwezi kuandika juu ya elimu bila ada bila kuugusa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ambao ndio ulioagiza utaratibu huo uanze Januari 2016. Waraka huo si chanzo cha kitaaluma. Ndio kitu chenyewe unachokijadili. Ni sawa na mwanafunzi wa fasihi na shairi lake: hawezi kuliacha eti kwa kuwa halikupitiwa na wajuzi wawili. Vivyo hivyo na takwimu za elimu ambazo Serikali huzichapa, zinazojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, BEST, ambamo utapata idadi ya wanafunzi walioandikishwa, walimu na vyumba vya madarasa. Habari ya gazeti nayo ina kazi yake: inathibitisha kwamba tamko fulani lilitolewa siku fulani, lakini haithibitishi kwamba tamko hilo lilileta matokeo. Katikati ya hizo na majarida kuna ripoti za taasisi kama HakiElimu, Twaweza, Uwezo, UNICEF na Benki ya Dunia. Nyingine zina data nzuri kuliko makala nyingi za majarida, ila zimetolewa na taasisi yenye msimamo wake na hazikupita kwenye chekeche tulilolizungumza, basi zitumie ukimtaja mwenyewe waziwazi ndani ya sentensi. Wikipedia ichukulie kama mlango: ingia, chukua majina na miaka, shuka kwenye marejeleo ya chini, toka.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mhadhiri ni kama waraka, sera na takwimu za Serikali zinahesabika ndani ya vile 10 au zinakaa pembeni. Wahadhiri wengi niliowahi kufanya nao kazi huvihesabu pembeni, lakini anayesahihisha ni wako, si wangu.

Swali la pili lihusu ile miaka 10. Sharti hilo lina maana njema. Linawazuia wanafunzi kukopi vitabu vya zamani vilivyojaa rafuni. Lakini elimu bila ada hapa kwetu haikuanza mwaka 2015. Azimio la Musoma la mwaka 1974 ndilo lililosukuma elimu ya msingi kwa wote kufikia 1977. Michango na ada vikarudi katika miaka ya 1980. Vikafutwa tena mwaka 2001 na kufuatiwa na MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Baada ya kufutwa huko, wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi takriban milioni 7.5 mwaka 2005. Mtu anayejadili athari za mwaka 2016 bila kujua kwamba nchi ilishalipitia jambo hilo mara mbili ataandika kana kwamba msongamano wa madarasa ulizaliwa juzi. Mwombe mhadhiri ruhusa ya vyanzo viwili vitatu vya zamani kwa ajili ya usuli. Sijawahi kumwona mhadhiri aliyekataa ombi lenye sababu kama hiyo.

Historia hiyo inakusaidia pia katika kutafuta, maana kila wimbi lilikuwa na jina lake. Nina hakika umeandika kwenye kisanduku swali zima la mhadhiri kama lilivyo, na mashine ikakurudishia kila ukurasa uliowahi kuitaja elimu. Livunje swali liwe dhana: sera, mahali, matokeo. Kwa Kiingereza watafiti wa wimbi hili huandika "fee-free education" au "fee-free basic education". Wa wimbi la 2001 huandika zaidi "free primary education", "universal primary education" na "school fee abolition". Wachumi huenda moja kwa moja kwenye "capitation grant", ambayo ni ruzuku ya kila mwanafunzi. Tumia alama za kunukuu ili maneno yakae pamoja, kisha ongeza Tanzania, kisha neno moja la matokeo, kwa mfano "learning outcomes". Neno la uandikishaji litafute kwa tahajia zote mbili, "enrolment" na "enrollment", kwa sababu Waingereza na Wamarekani hawajakubaliana na sisi ndio tunaolipa gharama. Usisahau Kiswahili. Majarida ya Kiswahili yapo, na "elimu bila malipo" au "elimu bila ada" inaweza kukufikisha kwenye tasnifu na makala ambazo Kiingereza hakitakuonyesha.

Mahali pa kutafutia, anza na Google Scholar, mashine ya Google ya kutafutia maandiko ya kitaaluma, ukijua udhaifu wake: huorodhesha chochote kinachofanana na andiko la kitaaluma, majarida ya kitapeli yakiwemo. Kwa wanafunzi wa ualimu iko pia ERIC, kanzidata ya elimu inayoendeshwa na Serikali ya Marekani, ya bure, yenye kisanduku cha kuchagua makala zilizopitiwa na wajuzi peke yake. Inashangaza jinsi wanafunzi wachache wa ualimu wanavyoijua. Na ukiandika site:ac.tz mbele ya maneno yako kwenye Google ya kawaida, utaletewa kurasa za vyuo vya Tanzania, zikiwemo hifadhi zao za tasnifu.

Sasa tuje kwenye ukoo. Nitakupa mfano halisi ili usiseme mkutubi amekuachia nadharia. Upo utafiti wa Isaac Mbiti na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 katika Quarterly Journal of Economics, moja ya majarida yanayoheshimika zaidi katika uchumi. Walichukua shule za msingi za umma 350 katika wilaya 10 za Tanzania Bara na kuzigawa kwa bahati nasibu: shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, shule 70 nyingine walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mwanafunzi atakayefaulu mtihani, shule 70 zilipata vyote viwili, na 140 hazikupata chochote ili ziwe za kulinganishia. Ruzuku peke yake haikuinua alama za wanafunzi. Ruzuku na bonasi kwa pamoja ziliinua. Ona umepata nini. Sera yako inaziba pengo la ada kwa ruzuku, na hapa kuna ushahidi kwamba fedha kufika shuleni na mtoto kujifunza ni mambo mawili yanayoweza kuachana.

Shuka kwenye marejeleo ya makala hiyo. Hao ndio wazee: kazi zilizotangulia kuhusu ruzuku, ada na motisha kwa walimu, zilizochaguliwa na watu waliokwisha kuzisoma. Kisha rudi Google Scholar, tafuta makala ileile, na chini yake utaona kiungo chenye idadi ya kazi zilizoinukuu. Kibonyeze. Hao ndio wajukuu, karibu wote wa 2019 au baadaye, ndani kabisa ya miaka 10 ya mhadhiri. Humo tafuta tena Tanzania, bila kutoka kwenye orodha hiyo. Kwa saa mbili za kazi ya namna hii, kwa wazee na kwa wajukuu, utapata zaidi ya ulichopata kwa siku nne. Ila usiipime makala kwa idadi ya walioinukuu. Ya zamani imepata muda mrefu wa kunukuliwa, na nyingine hunukuliwa sana kwa sababu kila mtu anaipinga.

Lakini kuna tundu moja katika makala hiyohiyo, na nimelisubirisha makusudi. Imechapishwa 2019, ndiyo, ila data zake zilikusanywa 2013 na 2014, kabla ya waraka kuandikwa. Haipimi elimu bila ada ya mwaka 2016 hata kidogo. Mwanafunzi anayeangalia mwaka wa kuchapishwa peke yake ataandika "utafiti wa 2019 umeonyesha kuwa elimu bila ada imeshindwa", na atakuwa amesema jambo ambalo waandishi hawakulisema. Unachoweza kusema ni kwamba ushahidi wa kabla ya sera ulishaonyesha mipaka ya ruzuku isiyofungamana na jambo jingine, halafu ukauliza kama tafiti za baada ya 2016 zinaonyesha hivyo au la. Kwa kila makala unayoifungua, tafuta mwaka wa data kwenye sehemu ya mbinu kabla ya kutafuta mwaka wa jarida.

Hiyo ndiyo sababu nakusihi usisome kuanzia mwanzo hadi mwisho kama riwaya. Soma ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, ruka hadi mbinu, tazama majedwali, kisha hitimisho. Jiulize ni nani waliohojiwa, wangapi, wapi, lini, na wamelinganishwa na nani. Utafiti uliowahoji walimu wakuu 20 wa wilaya moja hauna uwezo wa kusema lolote kuhusu alama za nchi nzima, lakini unaweza kukueleza mwalimu mkuu anafanya nini fedha zinapochelewa na wazazi wameambiwa wasichange, jambo ambalo shule 350 na majedwali yake yote hazitakwambia. Makala zikipingana, usiichague inayokupendeza na kuificha nyingine. Mara nyingi utagundua moja imepima uandikishaji na nyingine imepima kujifunza, na hapo ndipo aya yako bora itakapotoka. Usinukuu kutoka kwenye ikisiri tu. Na kama maneno ya mtafiti umeyakuta ndani ya kazi ya mwingine, sema hivyo.

Kuhusu dola 35, usilipe. Kwanza ujue fedha hiyo haiendi kwa mwandishi wala kwa wapitiaji. Ni bei ya mchapishaji kwa mtu asiye na maktaba, na wewe unayo. Chuo chako huenda kinalipia majarida ambayo hufunguka ukiwa kwenye mtandao wa chuo, au ukiwa nyumbani kwa nywila utakayopewa maktabani. Vyuo vingi vya nchi kama yetu vimo pia katika Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na baadaye ukaongeza kilimo, mazingira na fani nyingine, ambamo taasisi huingia bure au kwa ada ndogo. Pili, kwenye Google Scholar angalia upande wa kulia wa makala kama kuna kiungo cha PDF, kisha bonyeza palipoandikwa idadi ya matoleo. Wachumi hasa wana desturi ya kutoa rasimu hadharani kabla ya toleo la jarida. Rasimu na toleo la mwisho zinaweza kutofautiana tarakimu, basi taja lile ulilolisoma. Tatu, akaunti binafsi ya JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, hufunguliwa bure na inaruhusu kusoma mtandaoni idadi fulani ya makala kila mwezi. Na la nne watu hulionea haya bure: mwandikie mwandishi. Anwani yake ya barua pepe mara nyingi iko ukurasa wa kwanza. Mistari minne inatosha: wewe ni nani, unaandika nini, unaomba nakala ya makala gani, asante. Wengi hufurahi kwamba kuna mtu anayetaka kuisoma. Zipo tovuti zinazogawa makala bila idhini ya wachapishaji. Najua zinatumika, lakini mimi kama mkutubi sitakuelekeza huko, na kwa kazi ya mwaka wa pili huna haja nazo.

Kuhusu majarida ya Afrika, huyo mwenzenu amekosea vibaya. Kwa mada yenu, kuyaacha ni kuwaacha watu waliokaa katika shule mnazoziandikia. African Journals Online, inayofahamika kama AJOL, ilianza mwaka 1998 na sasa inaendeshwa kutoka Afrika Kusini. Inakusanya mamia ya majarida ya bara hili, na makala zake nyingi hupakuliwa bure. Mle utaikuta Huria, jarida la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Shule Kuu ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina jarida lake, Papers in Education and Development. Je, ubora wake ni mmoja? Hapana, kama usivyo mmoja wa majarida ya Ulaya. Wanaosema hayahesabiki mara nyingi wana maana kwamba hayamo katika Scopus, kanzidata ya kampuni ya Elsevier. Kuwamo humo ni alama nzuri kwa jarida, ila kutokuwamo si hukumu.

Suala la mwandishi kutozwa fedha lina ukweli ndani yake, ila limepindishwa. Kuchapa kuna gharama, na lazima mtu azilipe: ama msomaji, kupitia maktaba yake, ama mwandishi au taasisi yake, ili msomaji asome bure. PLOS ONE humtoza mwandishi na ni jarida halali kabisa. Utapeli uko pale ambapo fedha inapokelewa na upitiaji haufanyiki. Dalili zake zinajulikana: ahadi ya kuchapisha ndani ya siku tatu, jarida moja linalopokea udaktari wa meno, ujenzi wa madaraja na ushairi, bodi ya wahariri isiyotaja taasisi zao, barua pepe za kubembeleza zinazokuita profesa. Mkutubi mmoja wa Marekani, Jeffrey Beall, aliwahi kuweka mtandaoni orodha ya wachapishaji aliowashuku, ikasomwa dunia nzima hadi ilipoondolewa Januari 2017. Ilisaidia wengi, ingawa mtu mmoja kuwa hakimu wa wote kulileta ugomvi wake. Leo napendelea njia ya upande wa pili, yaani kuangalia kama jarida la bure limo katika DOAJ, saraka iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, ambayo huchunguza majarida kabla ya kuyapokea. Nami nitubu jambo moja: niliwahi kumwambia mwanafunzi kwamba jarida fulani ni la kitapeli kwa sababu tovuti yake ilikuwa mbaya na viungo vimekatika. Kumbe lilikuwa jarida la idara, la miaka mingi, lisilo na bajeti ya fundi. Tangu siku hiyo nafungua makala mbili tatu na kuzisoma kabla sijafungua mdomo.

Na tasnifu? Ya uzamivu imepita mbele ya watahini na ina uzito wake. Ya uzamili itumie kwa kiasi, moja au mbili, hasa kwa habari za wilaya husika na kwa orodha yake ya marejeleo. Kazi yenye tasnifu nane za uzamili kati ya vyanzo 10 inamwambia mhadhiri kwamba mwandishi hakutoka nje ya hifadhi ya chuo.

Kesho asubuhi, basi, nenda maktabani na kitambulisho chako, uulize mkutubi anayehudumia masomo ya elimu, na uombe nywila ya kuingilia kanzidata ukiwa nje ya chuo. Chukua karatasi yenye swali la mhadhiri kama lilivyo, maneno uliyojaribu kutafutia, na makala mbili unazodhani ni nzuri. Mkutubi akiona hivyo atakusaidia kwa nusu saa badala ya kuanza kukuhoji. Pakua ukiwa palepale kwenye mtandao wa chuo, bando lako libaki. Kwa kila makala andika siku hiyohiyo mwandishi, mwaka, jarida, kurasa na mwaka wa data. Programu ya bure ya Zotero itakutunzia ukipenda, na daftari halijawahi kumwangusha mtu. Maswali mawili ya mhadhiri, la waraka na la miaka 10, yapeleke mwenyewe ofisini kwake ndani ya siku mbili hizi, kabla hujaandika ukurasa wa kwanza.

Na yule rafiki yako: kama kazi yake yenye orodha ya akili unde ameshaikabidhi, mwambie amwendee mhadhiri leo, kabla haijaanza kusahihishwa, aeleze alichofanya na aombe airudishe kuisahihisha. Sheria za chuo kuhusu udanganyifu ni kali, na siwezi kumwahidi jibu, lakini anayejileta mwenyewe huwa na nafasi ya kusikilizwa ambayo aliyekamatwa hana. Akiogopa kwenda peke yake, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo, nayo hufanya kazi ya namna hiyo kila muhula.